Jina Ulilomnyima Kiprono

Kwako uliyekataa kuitwa Baba Kiprono,

Jana asubuhi nilikuwa nachuma majani chai hapa Boito, chini ya nyumba, redio ya jirani ikipiga kelele, nikasikia umekufa. Niliendelea kuchuma. Kisha mtangazaji akasoma majina ya watoto wako, na wa kwanza kabisa akawa Profesa Kiprono Birir, mwanafizikia. Nusura kikapu kinidondoke.

Birir, jina lako! Tangu lini?

Unakumbuka tulivyokuwa? Wewe ulikuwa karani wa kupima majani pale kituoni, na ukiniona kwenye foleni ulisema, "Huyu apimiwe kwanza, amechoka." Nilikupenda, sitaficha. Mimba ilipoonekana ulirudi kwenu Chebunyo bila kuaga, nami nikakungoja kama mjinga.

Hayo ningesamehe. Lakini kijana alipotahiriwa, akaingia menjo kukaa na wenzake mpaka wapone, ulijua vizuri kwamba mwanamume wa kwetu hatoki kwenye kibanda kile bila jina la baba. Nikamtuma mjomba wangu kwako aombe jina tu. Si ng'ombe, si karo. Hukumpa hata kiti. "Mimi sina mtoto Boito," ukamwambia. Baba yangu aliposikia hayo alivaa koti lake, akaenda akampa mjukuu jina lake mwenyewe. Kijana akatoka arap Terer, yaani mwana wa Terer.

Akina Terer ni wengi huku. Kuna Terer wa bucha, Terer fundi wa baiskeli, na Terer mlevi anayelala mtaroni. Siku hizi kuna na huyu wa kwenye televisheni anayeeleza mambo ya mwanga, na watoto wa shule humuuliza yule mlevi kama ni ndugu yake. Naye anakubali, tena kwa maringo! Wewe uliyekuwa na haki ya kuringa ulikataa.

Leo ndugu zako wawili wamekuja, wakanywa chai yangu.

"Mama Kiprono, tumekuja kuitisha kijana wetu. Yeye ndiye atasoma historia ya mzee. Kwa programu ya mazishi tumeshamwandika Birir."

Kijana wetu! Nilicheka mpaka nikaogopa sauti yangu. Nina hasira na wewe, na kufa kwako hakujaipunguza hata kidogo.

Nikampigia Kiprono simu mbele yao, nikamweleza yote. Akasema yeye ni Terer na mazishini haji. Ndugu zako wakachukua kofia zao wakaondoka bila kushukuru. Nilidhani naye amekata simu.

"Mama," akauliza, "huyo mzee alikuwa mrefu?"

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa mrefu.

"Sawa," akasema, akakata simu.

Mtu mzima, ana watoto wake, na mpaka leo alikuwa hajui urefu wake aliutoa wapi. Kwa hilo sitakusamehe, hata wakikuzika vizuri namna gani.

Mimi,
Mama Kiprono