Jiwe Lililozaliwa Baada ya Jaël

Komini ya Kikula, Likasi
Tarehe 11 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Bertin,

Mwaamkaje huko Goma? Kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ni vumbi tu la kiangazi linalotusumbua.

Mzigo uliomkabidhi yule msafiri umefika. Lakini wewe nawe, nani hutuma jiwe Likasi, tena bila neno? Hapa kwenye migodi kila jiwe jeusi huitwa kobalti kwanza. Mama alilificha chini ya kitanda, akalifunika kitenge, akisema mwanawe hatimaye amepata utajiri. Nilicheka mpaka machozi.

Jumapili baada ya misa, mume wangu Constantin alilitoa. Unamjua na maabara yake ya kiwandani. Alilipima mkononi, akasema kobalti haiwi nyepesi hivi. Akalivunja pembeni kwa nyundo. Ndani hamkuwa na kijani cha madini yetu hata kidogo, ni weusi mtupu, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na vitundu kama vya mkate.

"Mama, hii libwe ilikuwa moto," alisema. "Ni ya volkano, jamii ya bazalti. Ilitembea sawa uji. Ivi vitundu njo pumzi yake. Ilipoa mbio, njo maana chembe hazikukomaa."

Hapo nikakumbuka mwaka 2021, mlima wenu ulipotapika moto ukameza nyumba yako Buhene. Bertin, fikiria tu! Mawe yetu ya huku hakuna ajuaye umri wake. Hili ni mdogo wake mwanangu Jaël, ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Sikujua kwamba mawe bado yanazaliwa.

Mama alilichukua. Unajua hataki kusikia kwamba unajenga tena palepale, na baraka uliyoiomba hajaitoa mpaka leo. Akawa anapitisha kidole kwenye vitundu.

"Njo hii ilikula nyumba ya mutoto wangu?"

"Njo hii. Na kule Goma, njo wanajengea nayo," Constantin alijibu.

Nilidhani atalitupa uani. Badala yake alilinyunyizia maji ya baraka, akalifunga upya kwenye kitenge chake.

"Umurudishie Bertin. Aiweke ya kwanza mu fondation, mu musingi ya nyumba. Moto ilale chini, mutoto wangu alale juu."

Basi jenga, mdogo wangu. Analileta yule yule msafiri wako.

Nisalimie Simone na watoto. Constantin na Jaël wanawakumbuka sana. Mungu aulaze mlima huo usingizi mzito.

Dada yako akupendaye daima,
Germaine