Kaka, Usilale Alfama Kabla ya Kusoma Hii

Mtaa wa Vidraceiros, namba 17,
Ghorofa ya nne, kushoto,
Barreiro.
28 Aprili 2019

Mpendwa Kaka Adérito,

Hujambo, kaka? Moyo unaendeleaje? Na lile goti jipya, umeshalizoea au bado unagombana nalo? Siku ya Pasaka mkeo Idalina aliniambia kwamba siku hizi unakwenda kanisani bila fimbo. Nilifurahi sana, halafu nikakumbuka kwamba kanisa lenu liko ng'ambo tu ya barabara, tena tambarare. Mimi sijambo, ila shinikizo la damu. Wiki hizi linapanda tu, halishuki, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Picha za mjukuu wako zimefika. Ana paji la uso la baba, maskini. Mwambieni mama yake, Vânia, amwachie nywele za mbele.

Sasa nije kwenye safari yako. Ule ujumbe wako nimeusoma mara nyingi mno. "Mina, nimepata chumba cha mama!" Nilipoiona picha nikajua ni kweli. Ni dirisha letu, Kichochoro cha Poejo pale Alfama, na lile jiwe la kizingiti lililopasuka. Wanaopangisha watalii wamepaka kila kitu rangi nyeupe na kutundika samaki sardini wa udongo ukutani. Unasema utalala humo siku kumi na mbili, kuanzia tarehe kumi Juni, ili sikukuu ya Mtakatifu Antonio ikukute dirishani. Miaka thelathini na moja hujakanyaga Lisbon, na pa kwanza kuweka kichwa ni pale. Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Lakini nakuomba usilale pale.

Kwanza, ngazi. Jumanne nilikwenda kuzihesabu. Kutoka barabara ya chini hadi mlangoni ni tisini na nne. Nilipumzika mara mbili, na mimi sijapasuliwa moyo. Teksi haifiki, gari la wagonjwa halifiki. Mwaka jana mgeni mmoja Mjerumani aliteguka nyonga pale juu, wakamshusha amekaa kwenye kiti cha mgahawa, wanaume wanne wanambeba, kiti chenyewe mguu mmoja mbovu.

Halafu sikukuu. Umeondoka zamani, unadhani bado ni yale majiko mawili matatu na Senhor Horácio na kodiani lake. Siku hizi chini ya dirisha lile wanafunga spika ndefu kuliko mimi. Hutasikia hata moyo wako ukikushtakia.

Kwa hiyo nikaanza kukutafutia mahali pengine bila kukuambia. Nisamehe. Nimezunguka mitaa kama msichana anayetafuta nyumba ya kuolewa.

Baixa ni tambarare na treni iko mlangoni, lakini hakuna mtu anayeishi pale tena. Nilikaa kwenye benchi nusu saa nikasikia magurudumu ya masanduku tu, sikusikia mtu akimwita mwenzake kwa jina. Graça ungeipenda, ila kila njia ya kurudi nyumbani ni mlima. Alvalade, mtaa uliojaa kliniki, kuna lifti, na hospitali iko karibu, nikakaribia kulipa. Kisha nikakusikia kichwani ukisema, "Nimevuka bahari nzima kuja kulala na madaktari wa meno?" Nikaondoka.

Nilipopapenda ni Campo de Ourique. Barabara zake ni tambarare kama sahani, soko liko hatua mia mbili, na wazee bado wanacheza karata kwenye bustani. Tramu inaanzia pale, unapata kiti, inakupeleka hadi juu ya Alfama. Kwa hiyo ngazi zetu ungezishuka, usizipande. Mwenye chumba ni mjane, Dona Benvinda, ghorofa ya kwanza, dirisha kwenye mti wa jacaranda. Alinihoji kama askari.

"Kaka yako anakoroma?"

"Anakoroma, mama, nisikudanganye."

"Afadhali. Wasiokoroma ndio wanaofungua makabati ya watu."

Amekubali kukushikia hadi tarehe kumi na tano Mei.

Ningeweza kuishia hapa, nikakutumia anwani ya Dona Benvinda, ukanilaumu kidogo kwa woga wangu kisha ukakubali. Ndivyo nilivyopanga. Barua ya kwanza niliiandika hivyo, nikaichana. Ngazi ni kweli, kaka. Spika ni kweli. Lakini sizo zinazonikosesha usingizi.

Jumanne ile nilipofika juu nilikuta mlango wetu wazi. Mwanamke wa Kibrazili anayefanya usafi, jina lake Nalva, alikuwa anabadilisha mashuka. Nikamwambia nilizaliwa humo. Akaweka mto chini, akasema, "Basi ingia, mama, ni kwako." Jiko wamelifanya bafu. Kitanda wamekigeuza, kichwa kinaangalia upande wa mtoni. Nikasimama pale ambapo wewe unataka kulala, nikaupapasa ukuta, na Nalva akaniuliza kama mama yangu alifia hapo. Nikasema ndiyo. Mtu nisiyemjua hata saa moja, nikamdanganya yeye pia. Ulimi umeshazoea.

Nikatoka nikamkuta Senhor Horácio kwenye kile kiti chake mlangoni. Ndiye pekee aliyebaki katika watu wetu kichochoro kizima, na anatimiza tisini Agosti. Nikamwambia unakuja. Alicheka mpaka machozi, akakuita jina lako la utotoni, lile la bata. Kisha akanitazama.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mina, huyo akija hapa, mtu wa kwanza atakayemuuliza habari za mama yenu Custódia ni mimi. Nitamjibu nini?"

"Mwambie alikufa kwa amani."

"Wapi?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mimi nimeshona viatu miaka sitini," akasema, "sijajifunza kudanganya, na sasa nimechelewa kuanza. Mwambie wewe, binti. Akisikia kwako itamuuma mara moja. Kwangu itamuuma mara mbili."

Nilikuwa nimeamua kuandika Alhamisi, ndipo ukapiga simu. Ulikuwa na furaha, kaka. Ulisema unataka kuamka usikie kile alichokuwa anasikia mama asubuhi yake ya mwisho, kengele, na Ermelinda wa chini akimtukana paka. Nilifungua mdomo. Ukauliza, "Mina, uko?" Nikasema laini ni mbovu. Laini ilikuwa safi kabisa.

Basi nakuambia sasa.

Mama hakufia Alfama. Alifia hapa, Barreiro, kwenye chumba changu cha pili, Novemba 2015. Alikuwa ameishi nami miezi kumi na minne.

Nyumba haikugeuzwa ya wageni baada ya kifo chake, kama nilivyokuandikia. Jengo liliuzwa mapema 2014. Ikaja barua ya wenye jengo wapya, kisha akaja bwana mmoja mwenye sauti ya upole na karatasi. Wengine wa kichochoro waligoma. Horácio aligoma, ndiyo maana bado yupo. Mama naye angegoma. Mimi ndiye niliyemwambia atie sahihi.

Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa nimechoka. Kila siku natoka kazini, kivuko, basi, ngazi tisini na nne na viazi na maji na gesi, halafu kivuko tena. Miaka tisa. Siku moja nilifika akaniambia nimesahau limau. Niliketi chini nikalia, na kesho yake nikampa kalamu. Alitia sahihi bila kuniangalia.

Wewe mwaka huo ndipo moyo ulipokushika mara ya kwanza, daktari akakukataza ndege. Mama akasema, "Adérito asijue. Atapanda ndege aje apigane na watu, afie uwanjani." Nikakubali haraka mno, kwa sababu ilinifaa. Namba ya simu tulihama nayo. Kila Jumapili ulipopiga alikaa dirishani ghorofa ya nne, anakueleza Ermelinda amemfanya nini paka, nani amefua, nani amenuniana na nani. Vyote anatunga. Mimi niko jikoni nasikiliza. Alipokufa ulikuwa na siku kumi tangu upasuliwe. Ukaniuliza kwa sauti ile ya dawa kama alikuwa kitandani kwake. Ningekujibu nini, kaka? Nikasema ndiyo. Na nilipokwisha kusema, sikupata tena mlango wa kutokea.

Sikuombi uone ni jambo dogo. Nyumba ile ilikuwa yako pia, na sikukuuliza. Nakuomba tu usiende kulala kwenye kitanda cha watu ukimtafuta mahali ambapo hayuko.

Kuna jambo moja zaidi. Nililiweka kando kwa sababu naogopa utadhani nalitumia kujitetea. Miezi ya kwanza mama alilia kila asubuhi, hilo sikufichi. Kisha akaigundua lifti. Kaka, aliipanda kama mtoto. Miaka mingi alikuwa hashuki kichochoroni isipokuwa kwa daktari. Hapa alishuka mara tatu kwa siku, akakaa mtoni na wanawake wawili wa Alentejo, wakasengenya mpaka jua likazama. Wiki moja kabla hajafa nilimuuliza kama angependa nimpeleke Alfama akapaone. Akasema, "Kufanya nini? Kuhesabu ngazi? Alfama ni ya Adérito. Mwachie." Sijui kama alisema hivyo kwa kweli, au aliona uso wangu akanihurumia. Nimejiuliza miaka mitatu na nusu.

Basi chagua wewe. Ukitaka kwa Dona Benvinda, nijulishe kabla ya tarehe kumi na tano. Ukitaka bado Alfama, nitabeba sanduku lako ngazi zote na nitalala kwenye kochi siku zote kumi na mbili, hata kama hutaki kunisemesha. Na chumba cha pili hapa kwangu hakina mtu. Sijakipaka rangi. Dirisha linatazama mto, na siku zisizo na ukungu unauona mlima wa Alfama ng'ambo, mdogo, mweupe, na kutoka hapa husikii kitu.

Nisalimie Idalina, umpe hii barua asome, nisiwe nimemficha na yeye. Msalimie mwanao Telmo na mkewe, na Vânia, na umbusu mtoto kwenye lile paji. Horácio anakusalimu sana. Mungu akushike mkono huko angani na akutue salama, popote utakapochagua kutua.

Uwanja wa ndege nitakuwepo tarehe kumi Juni, ujibu usijibu. Ukipita bila kusimama, nitakuwa walau nimekuona.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuogopa kwa pamoja,

Felismina