Wafula Asiguse Waya Mpaka Nifike

Matisi, Kitale

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu na mvua haijalaza mahindi. Mimi ni mzima, ila mikono imeota sugu kuliko yako ya jembe.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nikafika mwisho. Ati stima imefika huko nyumbani Kamukuywa, na Wafula ndiye atafunga nyaya za nyumba kwa sababu aliwahi kutengeneza redio? Kaka yangu nampenda, lakini nyumba si redio bana!

Sikiza. Baba Njoki, mwenye ploti ninayokaa, alijifungia nyaya mwenyewe asilipe fundi. Juzi akina mama wakaanza kurushwa na stima kila wakianika nguo. Mmoja aliangushwa chini na mtoto mgongoni. Ploti nzima ikasema ni uchawi, wakaita watu wa maombi. Wakaomba, wakaimba, waya wa kuanikia ukazidi kuuma. Mimi nikamwambia Baba Njoki fundi nimempata, nikazima swichi kubwa, nikapanda paani. Kumbe msumari wa mabati ulitoboa waya wa stima, na waya wa nguo umefungwa kwa bati hilohilo!

Nikishuka, Baba Njoki bado anaangalia lango, akaniuliza, "Sasa huyo fundi wako anafika saa ngapi?"

"Si ndiye huyu yuko kwa ngazi?" nikamjibu.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikang'oa nyaya zote, nikafunga upya kwa siku mbili. Mwalimu anayenifunza kazi ya stima alipokuja kukagua hakupata kosa hata moja. Nilijivuna, Baba, sifichi. Siku hizi hata mama wa mboga ananiita Fundi.

Balbu ikiungua, Wafula abadilishe. Lakini nyaya za nyumba anamolala Mama, hapana. Nakuja Jumamosi na vifaa vyangu. Yeye achimbe shimo la waya wa kuingia ardhini, nguvu anazo.

Najua kwa nini hukuniuliza mimi. Ulisema hii si kazi ya msichana. Iliniuma sana, lakini sikuja kugombana.

Msalimie Mama, nyanya yetu Kukhu, na shangazi wa Kimilili aliyeninunulia bisibisi ya kwanza. Mwambie bado naitumia.

Na majirani wakikuuliza nani amekuwekea stima, usiseme ni fundi wa kutoka Kitale. Sema ni binti yako.

Mtoto wako akupendaye,
Nafula