Kadi Aliyoificha Erica Chomola

Mwaka umegeuka, Erica, tangu tukulaze kaburini pale Nzuguni, na bado tuna hasira. Wanaotaka tangazo la kumbukumbu la upole wasome la jirani.

Soko la nafaka la Kibaigwa bado linakutaja. Ulikuwa unashika bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani, na madalali walikuogopa kuliko mizani. "Mdomo wa gunia unasema ya mwenyewe," ulikuwa ukiwaambia. "Acha nichome katikati." Hata kiberiti hukununua bila kukitikisa. Jirani akiugua ulifika na uji kabla hajatuma mtu, ukamgombeza kwa kutokula, kisha ukamfulia.

Wewe uliyepima magunia ya watu wote ulikubali na wewe kupimwa. Watafiti walipokuja sokoni kutoka hospitali ya Chimwaga ulikwenda wa kwanza, ukakicheka kile kiburashi chao cha kupimia mlango wa kizazi. Siku chache baadaye kadi ya majibu ikaletwa nyumbani. Kadi ilisema una virusi vya papiloma, na kwamba alama za metilesheni ziko juu. Ilikutaka urudi baada ya wiki mbili.

Wifi yako Dorothea aliisoma kabla yako. Akaita kikao cha ukoo, watu kumi na wawili, mama yako Tereza akiwa amekaa karibu na mlango. "Virusi havioti kama uyoga," alisema Dorothea. "Mke wa kaka yangu ameleta ugonjwa wa uzinzi ndani ya nyumba." Mumeo Denis aliangalia viatu vyake. Mama yako alitaka kusema akakosa la kusema, maana hata yeye hakujua kadi ile ina maana gani. Hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Sista Anyitike, muuguzi wa Chimwaga, alikupigia simu mara tatu. Mara ya tatu mama alikuwa kando yako akichambua mchicha, akasikia jibu lako: "Nikionekana kwenye dirisha lile la kliniki, sista, nitakuwa nimekiri." Ukaikunja kadi ukaiweka chini ya mtungi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha kwa hiari yako, ulifichishwa. Ulipokwenda hospitali miaka miwili baadaye, damu ilikuwa haikatiki.

Baada ya arobaini mama alipanda gari mpaka Chimwaga, kadi ndani ya kitenge. Hakusalimia. "Nieleze hii," alisema, "na usinifiche kitu."

"Kirusi hiki huwapitia wanawake wengi, mama," alisema Anyitike. "Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kinaweza kulala miaka kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya ndoa. Ndiyo maana tukaangalia na zile alama, zinazojishikiza juu ya vinasaba vya mlango wa kizazi. Zikiwa nyingi, vinasaba vinavyozuia saratani vinaweza kuwa vimezimwa. Hazituambii nani alilala na nani. Za Erica zilituambia tumwangalie haraka, na kama kuna kitu, tukitibu kingali kidogo."

Mama alikaa pale sakafuni. "Walikuchoma bambo, mwanangu," alisema, "wakakuta wadudu wameanza, na gunia lilikuwa bado linaokoleka." Kisha akainuka akaomba kiburashi, yeye na umri wake wote, na jioni akampeleka dada yako Ruthu naye apimwe.

Juzi Dorothea alikuja na kitenge kipya, akaomba jina lake litangulie kwenye tangazo hili. Mama alimkaribisha kiti, ndiyo desturi, ila maji hakumpa. "Uliyasema mbele ya watu kumi na wawili," alimwambia. "Waite haohao uyafute mbele yao, ndipo nikuandike." Dorothea akasema yaliyopita yamepita. Mama akamfungulia mlango.

Unakumbukwa na mama yako Tereza, kaka yako Ulimboka na dada yako Ruthu. Unakumbukwa pia na mumeo Denis, aliyenyamaza. Tulimsomea kabla ya kuchapa, naye ameomba neno hilo lisifutwe.

Wifi yako Dorothea hayumo.

Hukuzini, Erica. Tutakutaja hivyo kila mwaka, kwa sauti, mpaka wale kumi na wawili wote wawe wamesikia.