Kanisa Ulilolijua kwa Viganja

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Kanisa halikubomolewa. Naanzia hapo kwa sababu ulituacha ukiwa na hofu kwamba siku moja wangelibomoa.

Macho yako yalipozimika, mimi ndiye niliyekushika mkono kwenda Misa. Tukifika mlangoni ulikuwa ukiniachia. Ulipapasa ule mlango mzito wa mninga, ukapita kwenye birika la ubatizo na kutabasamu kwa ubaridi wa jiwe lake, kisha ukafuata nguzo moja baada ya nyingine hadi kwenye benchi letu, ambalo mkono wake umelainika kama mpini wa jembe. Ukishaketi, uliniuliza jua limefika wapi kwenye vioo vya rangi. Nikikwambia limefika kwenye buluu, unaridhika.

Mvua za mwaka uliofuata msiba wako zilipasua ukuta wa upande wa madhabahu. Mkutano ukaitishwa. Wengi walitaka libomolewe, lijengwe kubwa la kisasa, na sikuwalaumu, maana sikukuu watu husimama nje juani. Mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, alishasema mawe yake yatafaa kwa msingi wa jipya.

Nilisimama. Nikawaeleza kwamba nyumbani ulihitaji mkono wangu hata kutoka uani, ila mle ndani hukumhitaji mtu.

“Mkilibomoa mtajenga jingine zuri,” nikasema. “Lakini mle ndimo mama yangu alimokuwa anaona.”

Mzee Masanja alivua kofia, akamgeukia fundi aliyeitwa kuukagua ukuta.

“Huu ukuta unafungika?”

Fundi akasema unafungika kwa vyuma na saruji, tena ubavuni panaweza kuongezwa sehemu ya kuwatoa watu juani. Tulibishana hadi mchana, mwishowe tukakubaliana. Niliporudi nyumbani nililia, Mayu, lakini si kwa huzuni.

Kazi inaendelea. Wiki iliyopita mafundi walikuwa wanakwangua chokaa ya zamani kwenye tao la juu ya madhabahu, wakatuita. Chini ya chokaa kuna maua ya pamba yaliyochorwa tao zima, mengine ya manjano, mengine yamegeuka rangi ya waridi, kama yanavyogeuka shambani. Hakuna mzee aliyekumbuka nani aliyachora. Sisi wenye macho tumesali chini yake maisha yetu yote bila kujua, na viganja vyako havikuweza kufika kule juu.

Niliwaomba mafundi wanipandishe kwenye jukwaa lao. Nikaweka kiganja juu ya ua moja, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Rangi imeinuka kidogo, unaweza kufuata kingo za petali kwa kidole. Wamekubali kuyaacha wazi.

Pumzika, Mayu. Lipo jambo moja la kanisa lako ambalo hukuwahi kulijua, na nimefurahi kuwa mimi ndiye ninayekuletea habari zake.

Mwanao wa mwisho