Nyanya Zilizonyauka na Mwamini Niliyemsingizia

Mtawanya,
Kibiti.
18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Ashrafu,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Muscat? Lile goti lako limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mikorosho imeanza kuchanua, na shemeji yako Muhidini kamaliza kuezeka jiko.

Barua hii anakuletea Hemedy, anarudi kazini huko. Ningeweza kupiga simu, lakini kwa simu ndiko nilikoharibu, tena kwa hasira. Safari hii nataka maneno yangu uyashike mkononi.

Ashrafu, mkeo hana kosa. Yale niliyokwambia mwezi wa sita, kwamba Mwamini kanimwagia kitu shambani, hayakuwa kweli. Sikuyatunga, niliyaamini. Lakini si kweli.

Wajua bustani zetu kule bondeni zimepakana. Nyanya zangu zilikuwa zimeanza kubeba. Adhuhuri moja nikazikuta zimelala, majani bado mabichi na udongo una maji ya kutosha. Jioni zikainuka, nikafurahi. Kesho yake zikalala tena, na siku ya nne hazikuinuka. Za Mwamini, hatua tano tu kutoka hapo, zimesimama wima! Na wiki ileile mimi na yeye tulikuwa tumegombana kwa zamu ya kisima. Nikajumlisha yangu, nikakupigia. Nawe ukamtumia ujumbe arudi kwao Nyamwage. Akafunga nguo zake, akaenda.

Wiki mbili baadaye akaja Sihaba wangu kutoka Morogoro, huko chuoni anakosomea magonjwa ya mimea. Nikampeleka bondeni kumwonyesha nilivyotendewa. Alikata shina moja karibu na ardhi, akaomba bilauri ya maji safi, akalishika lile shina ncha yake iguse maji. Punde tu ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa.

"Mama, huu si mkono wa mtu," akasema. "Hawa ni bakteria. Wamo kwenye udongo wako."

Nikambishia. Kama wamo kwenye udongo, mbona nyanya zilinawiri mpaka zikabeba?

Ndipo akakaa kwenye tuta akanieleza. Bakteria hao huingia mizizini, na wakiwa wachache hawajionyeshi. Kila mmoja ana jeni zake, yaani maagizo aliyozaliwa nayo, na yale ya kudhuru huwa yamezimwa. Wanakula na kuzaana tu, huku kila mmoja akitoa harufu yake ndogo ambayo wenziwe huitambua. Wakishakuwa wengi harufu inakolea, na kukolea huko ndiko kunakoyawasha maagizo yale. Hapo wote kwa pamoja hutengeneza ute mzito unaoziba njia za maji ndani ya shina. Mmea unakufa kwa kiu na mizizi yake imo majini.

"Mwaka jana ulipanda nini hapa?" akaniuliza.

Biringanya, nikamwambia. Na nyingine zilinyauka, nikazing'oa nikaziacha papo hapo zioze. Mwamini upande wake alikuwa na mahindi, na ugonjwa huu hauyapati mahindi. Sihaba hakunisuta. Alisema tu, "Basi mama, mkazamjomba hana lake hapa." Niliona aibu mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Kesho yake mimi na Muhidini tukaenda Nyamwage. Nilisema yote mbele ya baba yake, mzee Bwanaheri, na ndugu zake, sikupunguza neno. Mwamini alitupatia maji ya kunywa, akakaa, akaniangalia.

"Wifi, wewe nimekusamehe," akasema. "Lakini si wewe uliyenitoa nyumbani. Aliyenitoa ni mume wangu, na hakuniuliza hata swali moja. Anirudishe yeye."

Na hayo ni kweli.

Kwa sasa bustani yake naitunza mimi. Kabla ya kuvuka mpaka naosha jembe na miguu kwa sabuni, Sihaba kanifundisha, nisije nikampelekea maradhi. Nyanya zangu nimezing'oa na kuzichoma moto, na pale nitapanda mahindi miaka kadhaa. Dawa ya kuutibu ugonjwa huu hakuna. Chuoni kwao wanatafuta namna ya kuwazuia bakteria wasisikilizane harufu, wasijue kama wametosha. Bado ni mambo ya maabara, lakini nikimwona binti yangu anavyoyasimulia, sina shaka watafika.

Basi mdogo wangu, ujumbe hautatosha. Mpigie mzee Bwanaheri kwanza, umwombe radhi kama mkwe mwenye adabu. Kisha zungumza na mkeo, umuulize lile swali ambalo hukumuuliza, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho. Atarudi. Mwamini namjua sasa kuliko nilivyomjua mwezi wa sita.

Muhidini anakusalimu sana, na Sihaba anamwamkia mjomba wake. Mama yetu, Mwanahalima, hajambo, kila swala anakutaja. Mola akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na ulimi laini.

Mimi dada yako nikupendaye kwa dhati,

Rukaiya