Wiki tatu

Shosti, upo? Nimejifungia stoo ya kliniki na sitoki.

Ile programu yangu ya kusajili watoto imeanza kazi leo. Mgonjwa wa kwanza tu, mama kaja na kichanga. Dada wa mapokezi akafika kwenye umri, akaandika "wiki tatu". Programu ikajifunga yenyewe. Mbele ya matroni na foleni nzima.

Wiki tatu jamani. Mimi nyumbani niliijaribu kwa umri wangu, wako na wa mama yangu. Kliniki ya watoto, na sikumfikiria mtoto mchanga.

Nikasema subirini. Nikarekebisha palepale. Sasa ukiandika maneno inakwambia "Andika namba tu", inauliza tena. Nikavimba kichwa.

Dada wa mapokezi akaandika 3.

Ikakubali. Kadi ikatoka: miaka mitatu. Muuguzi akaisoma, akamimina dawa ya homa ya mtoto wa miaka mitatu. Ndipo akainua macho, akaona mama alichopakata. Akabaki na kijiko hewani.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Matroni unamjua, hapigi kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hicho kitu chako kilitaka namba au kilitaka umri?"

Nikaikodolea macho skrini.

Akavuta droo, akatoa lile daftari nililomwambia jana alitupe. Akaandika kwa kalamu: wiki tatu.

Daftari halikumkatalia.